Wikiendi yangu na Stardew Valley

Jumamosi ya Julai hapa Uyole baridi haina huruma, nikajifunika blanketi na simu yangu. Stardew Valley, gemu la 2016 alilolitengeneza Eric Barone peke yake, linakuanzishia shamba kwa mbegu 15, na kila msimu una siku 28. Mimi mtoto wa wakulima wa viazi limenigusa kweli: usipomwagilia, mmea haukui siku hiyo. Kasoro ni maandishi, madogo mno kwenye simu, macho yaliniuma. Jumapili nikahamia kwenye riwaya ya binti mfalme aliyependana na jini wa msituni, nikasoma hadi chai ya tangawizi ikapoa. Usiku nikarudi kwenye shamba langu la gemu. Yule daktari wa kijijini, mhusika wa humo kwenye gemu, bado sijampa kidani cha uchumba.