MGB: Kagua Bati Kwanza, Injini Baadaye

Karibuni, wapenzi wa magari. Leo tunalo MGB, gari la michezo la Kiingereza lililoundwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980. Yalitoka zaidi ya 500,000, ndiyo maana hadi leo vipuri vyake havisumbui. Hata bodi nzima mpya inauzwa: British Motor Heritage wanaitengeneza kwa mitambo ileile ya zamani.

Injini ni silinda 4, sisi 1798, kabureta mbili aina ya SU, nguvu farasi 95. Kwa namba hizo halitishi mtu. Ila nguvu yake inakuja mapema, huhitaji kuilazimisha injini ipige kelele, na usukani unakupa habari zote za barabara. Utamu wake uko hapo.

Sasa tega sikio. Ukienda kununua, usikimbilie boneti. MGB halina chesisi. Uzito wote umebebwa na bodi, hasa maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Kutu ikiyala, gari linapinda katikati. Kulipima ni rahisi: fungua mlango na uufunge gari likiwa chini, kisha liinue kwa jeki upande huo, ufungue tena. Mlango ukikwama, au uwazi wake ukibana kwa juu, ndani kumeoza hata kama rangi inang'aa. Pitisha sumaku, isiponasa, hapo ni puti iliyozibia tundu, si bati. Na fundi akianza kukata bati lililooza bila kwanza kuchomelea nondo ya kushikilia uwazi wa mlango, bodi itahama na mlango hautafunga vizuri tena. Pesa yako itaishia kwenye bati, si kwenye injini.

Injini yenyewe ni ngumu. Ikishapata moto, ukiwa mwendoni, geji ya presha ya oili isishuke chini ya psi 50. Uliza kama silinda hedi ina siti ngumu za valvu, maana iliundwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, yaliyokinga siti hizo zisilike. Bila siti hizo valvu huzama taratibu na uwazi mdogo unaoachwa ili zifunge vizuri, milimita 0.38, unapotea.

Mbele kuna nipo 3 za grisi kila upande. Zipige kila kilomita 4,800 hivi, matairi yakiwa hewani. Zikisahaulika, usukani unakuwa mzito na kingipini, yaani pini ambazo matairi ya mbele hugeukia, zinakwisha. Kwenye ringi za spoko, mtu akanyage breki, wewe utikise tairi lililoinuliwa: ringi ikicheza huku diski imetulia, meno ya habu yameisha.

Mimi ningechukua la 1968 hadi katikati ya 1974: bampa za kromu, na gia ya kwanza inaingia bila kukwaruza. Yaliyofuata yana bampa nyeusi za mpira na yaliinuliwa karibu milimita 38, kwa hiyo yanalala kwenye kona. Bei yake ni nafuu, na kuyashusha kunawezekana.

Tafuta lenye ovadraivu, kifaa cha giaboksi kinachopunguza mizunguko ya injini ukiwa kasi, ulijaribu ukiwa gia ya nne. Isiponasa, angalia nyaya za swichi na kiwango cha oili kabla hujakubali giaboksi ishushwe.