Kupiga rangi gari kabla ya kuliuza: uzoefu wangu hapa Malindi

Gari langu limeuzika. Ni Toyota Fielder ya mwaka 2010, rangi ya fedha, niliyokaa nayo Malindi tangu 2017. Kabla ya kulitangaza nilitumia shilingi 24,000 kulitengeneza sura. Elfu kumi katika hizo sizijutii hata kidogo. Zile elfu kumi na nne nyingine nusura zinifukuzie wateja, na ndizo zilizonifanya niandike, maana najua kuna mtu sasa hivi anazunguka gari lake akijiuliza kama ampelekee fundi.

Gari la pwani huzeeka kivyake. Mimi nakaa Shella, na kusi ikivuma, asubuhi unapitisha kidole kwenye kioo unakuta chumvi. Jua nalo halina huruma. Taa za mbele zilikuwa zimefanya utando wa manjano, usiku nikienda Gede naona barabara kwa shida. Boneti ilibonyea kwa nazi kavu iliyoangukia uani kwetu. Mlango wa mbele wa kushoto na fenda yake, lile bati la juu ya gurudumu, vilikuwa na mkwaruzo mrefu wa tuktuk, niliupata nikiwa nimeegesha karibu na soko. Buti ilikuwa na kutu kwenye ukingo wa chini. Ndani, ni watoto na mchanga wa pwani wa miaka saba.

Dalali niliyemuuliza kwanza alisema nipige rangi gari zima. "Mwalimu, mteja hununua kwa macho," akaniambia, na bei aliyoniletea ilikuwa 65,000. Shemeji yangu, ambaye hupeleka wageni Tsavo kupitia lango la Sala na ameuza magari manne, alinikataza katakata. Gari la umri ule likimeta kila upande, alisema, mtu mwenye akili zake ataanza kutafuta linachoficha. Nikachukua njia ya katikati: kusafisha, taa, kung'arisha bodi, na kupiga rangi ule upande uliokwaruzwa tu.

Nianze na mazuri. Kuosha ndani kulinigharimu 3,500. Viti vilitolewa, vikasuguliwa kwa povu, vikaanikwa siku nzima. Harufu ya unyevu iliyokuwa imeshazoeleka puani mwangu ilitoka, na wateja wote waliokuja walifungua mlango kwanza kabla ya kutazama kitu kingine. Kung'arisha bodi kwa mashine na kompaundi (dawa ya kung'arishia), 4,000. Vijana walitaka pia kuiosha injini na kuipaka mafuta ing'ae. Nilikataa. Injini iliyooshwa jana humfanya mnunuzi adhani kuna mahali panapovuja oili pamefutwa, kwa hiyo niliiacha na vumbi lake ili kila mtu ajionee kuwa ni kavu.

Taa ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Kifuniko cha taa ni plastiki, na jua ndilo linalounguza ngozi yake ya juu mpaka ikawa manjano. Kijana alifunika bodi kwa tepu, akasugua kwa msasa wa maji namba 800, akaja 1500, akaja 2000, kisha kompaundi. Nilimuuliza swali moja ambalo nakusihi na wewe uulize: utapaka kinga juu? Bila kinga ya jua ile manjano hurudi baada ya miezi michache tu. Alipaka. Taa mbili, 2,500, na gari likaonekana jingine kabisa likitazamwa kwa mbele.

Sasa ile rangi. Rangi ya fedha ina chembe ndogo za metali ndani yake, na namna zinavyolala hutegemea mkono wa anayepuliza na upepo wa kompresa. Gari lina kibati chenye namba ya rangi, langu ni 1F7, kipo pale kwenye injini. Fundi hakukitazama. Alichanganya kwa macho, akapulizia nje chini ya mwarobaini, siku ya upepo. Fundi anayejua kazi hata akiwa na namba sahihi hufifisha rangi mpya kuelekea mlango wa pili, jicho lisione mpaka. Huyu alikata wima pembeni mwa mlango. Kivulini ulikuwa sawa. Saa sita ya mchana, mlango na fenda vilikuwa na weusi fulani, na ukipitisha kiganja unahisi punje za mchanga chini ya klia, ile vanishi ya juu. Nilipolalamika nikaambiwa rangi itashikana ikikaa juani. Mpaka naliuza haikushikana.

Mteja wa kwanza alitoka Garsen, bwana mmoja mpole, na fundi wake. Yule fundi hakuiangalia injini kwanza. Alisimama kwa mbali akatazama ubavu, akaja akagonga mlango kwa kidole, akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku haishiki penye fila nene, ile dawa ya kuzibia mabonde ya bati kabla ya rangi. Ilishika kwingi, pakabaki mahali pamoja. Akanigeukia: "Mwalimu, hili gari lilipinduka?" Nikaapa kuwa ni tuktuk. Lakini kiapo cha muuzaji kina uzito gani? Mimi nilikuwa nataka 820,000, wao wakasema 700,000, na hawakupandisha hata elfu moja. Usiku ule sikulala vizuri. Kuambiwa unaficha ajali, nawe hujawahi kuipata, kunauma.

Kilichoniokoa ni picha. Siku ya mkwaruzo nilikuwa nimempigia picha kaka yangu aliyeko Mombasa kumwonyesha, na bado ilikuwa kwenye simu. Alipokuja mteja wa pili, mzee wa Mambrui na mkewe wenye duka, sikungoja kuulizwa. "Baba, huu upande umepigwa rangi, na hivi ndivyo ulivyokuwa," nikampa simu. Fundi wao alifungua boneti akamulika boliti za fenda. Fenda ikiwahi kufunguliwa, rangi ya kwenye vichwa vya boliti huwa imechubuka kwa spana. Zangu zilikuwa na rangi zake za kiwandani. Akatikisa kichwa kukubali, na maneno ya ajali yakaishia hapo. Ule mkwaruzo kwenye picha ulikuwa mbaya, lakini ndio walioamini.

Kile kibonyeo cha boneti nilikiacha kama kilivyo. Mzee alikitazama akauliza, "Nazi?" Nikasema ndiyo. Hakudai hata shilingi kwa ajili yake.

Kuhusu kutu nina msimamo mkali. Fundi yuleyule wa rangi alikuwa amenishauri ajaze fila na kupaka juu, hakuna atakayejua. Kutu iliyofunikwa hivyo huendelea kula bati kwa ndani, na kwa hewa yetu hii haichukui muda kutoa malengelenge. Atakayeyaona ni yule aliyenipa akiba yake. Niliisugua mwenyewe kwa brashi ya waya, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nikaiacha ionekane. Mzee aliomba nimpunguzie 15,000 kwa sababu yake, na nikaona ni haki.

Tulimaliza kwa 785,000. Tulikaa pamoja benki, pesa zikaingia, nikaanzisha kuhamisha umiliki kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, mwana wa mzee akamsaidia babake kukubali kwenye simu yake hapohapo kabla sijatoa funguo.

Ukiniuliza ningerudia nini, ni viti, taa na kung'arisha, elfu kumi basi. Ubavu ningeuacha na alama ya tuktuk na kuteremka bei kidogo. Aliyetaka kuupiga rangi mwenyewe angempata fundi wake, na angejua kilicho chini. Kwa yule fundi wa mwarobaini sirudi. Kijana wa taa nimeshampelekea gari la shemeji.