Amani nendeni, ila si na kampuni iliyotupeleka sisi

Bado nina hasira, mtanisamehe. Majuzi, masika yakiishia, tulipanda Amani, hifadhi ya msitu iliyoko milima ya Usambara Mashariki, safari ya siku moja tuliyoilipia kwa kampuni moja ya Tanga. Nilikwenda na mama mdogo, mtu mzima lakini miguu yake inawashinda vijana wengi.

Mwongozaji waliyetupa alinuna tangu Sigi, kwenye lango la hifadhi, aliposikia tunaongea Kiswahili. Njia nzima yuko kwenye simu. Msituni ndiyo kabisa, yeye kule mbele, sisi huku tunateleza kwenye mizizi. Mama mdogo akasimama penye mwamba uliofunikwa na kuvumwani, maji yanachuruzika, na kwenye ufa limeota ua dogo la zambarau, majani yake laini kama mahameli. Ndilo lile ua la Usambara ambalo Mjerumani alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, leo linafugwa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya. Hapa liko kwao, linajiotea! Nikamwita kijana atueleze. Akageuka: "Huyu bibi mmemleta wa nini? Wazungu hawanisumbui hivi."

Mama mdogo hakujibu. Mimi nilijibu, na siyaandiki hapa.

Kilima cha Mbomole nako alitaka tusifike, eti juu ni ukungu mtupu. Tukapanda. Ukungu ulikuwepo kweli, kisha upepo ukausukuma: chini mashamba ya chai, halafu msitu, mlima nyuma ya mlima. Mama mdogo akatandika kitenge, akakaa, akawa anacheka peke yake. Pale nilikuwa tayari kuwapa nyota zote.

Tunashuka, jamaa anadai hela ya soda!

Labda kinachomkera ni kwamba kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Lakini kampuni yao tuliilipa bei waliyotaja, bila kuomba punguzo.

Nilitaka kuwaambia msiende. Siwezi, msitu ule hauna kosa. Nendeni, mkifika ulizeni ofisi ya hifadhi iwapatie mwongozaji wa vijiji vya hapo hapo. Hawa wa kwetu nilikuwa nimewaachia nyota mbili, kwa sababu gari lilikuwa zima na dereva alikuwa muungwana. Ila nilipopiga simu kulalamika, wakaniambia, "Dada, ndivyo alivyo, mzoeeni tu."

Basi hizo mbili nazo nazifuta.