Fundi wa kuja nyumbani: alitaka kustati injini iliyolala miaka kwa kebo tu

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana aliyebeba vifaa, si ya fundi mkuu.

Gari ni Toyota 110, injini ya 5A, limekaa uani Tudor, Mombasa, miaka bila kuguswa. Tudor, yaani hewa ya chumvi usiku na mchana. Betri imekufa, tangi lina petroli ya zamani. Yote haya niliyaeleza kwenye simu, wakasema watakuja na pampu ya kunyonya tangi. Wakaja. Fundi mkuu akafungua boneti, hata kijiti cha oili hakukivuta. Akaunganisha kebo kutoka gari lao, akaingia, akapiga stata. "Kak!" Kimya. Akamwagiza kijana akanyage resi kwenye gari lao ili moto uzidi, apige tena. Nikachomoa ufunguo, nikamwambia injini iliyokaa hivi huzungushwa kwa mkono kwanza. Akanijibu mbele ya majirani: "Dada, kama wajua kazi, mbona umetuita?"

Niliwaita kwa sababu wana pampu. Na maadamu ameuliza, basi asome.

Injini ikikaa, oili hushuka chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, na kuta za silinda hubaki kavu. Isitoshe, injini ya silinda nne kama hii inapozimwa kuna silinda ambayo valvu yake imesimama wazi. Hewa ya bahari huingilia hapo, na ringi za pistoni hushikana na ukuta kwa kutu. Ukilazimisha kwa stata, ringi hukatika au silinda hukwaruzika, na stata yenyewe inaweza kuungua. Ile "kak" ni injini inasema haiendi. Kumwongezea moto ni kumvunja.

Mkubwa wake aliposogea kuongea na simu, kijana alichukua soketi ya plagi akazitoa zote nne bila kuambiwa na mtu. Tatu zilitoka kavu, zina weusi wa kawaida. Ya silinda ya tatu ilitoka na unga mwekundu kwenye nyuzi zake, ukamdondokea kiganjani. Akamulika tundu kwa tochi ya simu. Kutu. Na fundi mkuu alikuwa anataka kupiga stata mara ya pili!

Dawa yake ni oili na subira. Mimina kijiko kimoja cha chakula cha oili ya kulegeza kutu kwa kila tundu la plagi. Ukiikosa, hata oili ya giabox ya otomatiki inafaa. Acha ilale usiku kucha, na silinda yenye kutu uipe siku kadhaa ukiiongeza kidogo kidogo. Giabox ikiwa nyutro, weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) uzungushe kwa mkono, kwa mwendo wa saa. Ikigoma, usichomeke bomba refu kwenye spana upate nguvu; rudi kwenye oili. Ikimaliza mizunguko miwili kamili bila kugonga, kila pistoni imepita hatua zake zote nne. Plagi zisirudi kwanza: oili iliyobaki juu ya pistoni haibanyiki, na stata ikiisukuma inaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Baada ya hapo mwaga oili ya zamani (ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia), weka mpya na filta mpya. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyiza petroli) na kiunganishi cha waya wa distribyuta (inayogawa moto kwa plagi), funika matundu ya plagi kwa kitambaa, kisha piga stata sekunde kumi kumi, ukiipumzisha, hadi taa ya oili izime. Rudisha plagi hapo ndipo, si kabla. Angalia pia boksi la filta ya hewa, panya wanapapenda, na mipira ya petroli: iliyopasuka ikipata presha humwagia injini petroli, kwa hiyo kizimamoto kiwe karibu. Na lisukume gari nje, usilistati ndani ya gereji iliyofungwa.

Kwenye tangi sina neno. Walinyonya petroli yote, ilikuwa inanuka vanishi, wakabadilisha filta, wakaiendesha pampu ya gari hadi ikatoka safi, na hawakuacha hata tone uani. Kazi safi kabisa. Nilishaanza kufikiria nyota tatu, maana kuna mafundi wengi mjini wangemwagia petroli mpya juu ya hiyo mbovu na kuziba nozeli zote.

Kisha ikaja risiti. "Kustati gari", shilingi elfu mbili na mia tano, mbali na kazi ya tangi. Gari ambalo halikustati! Nilipouliza, fundi mkuu akasema stata imepigwa, kwa hiyo kazi imehesabiwa. Injini ilikuja kufunguka baadaye, kwa ile oili ya kijiko, na stata ikabidi ifunguliwe ibadilishwe sehemu zilizoungua ndani. Hiyo nayo nimewatumia bei yake. Wameisoma, hawajajibu.

Kijana yule akifungua gereji yake, nitampelekea gari mimi mwenyewe. Kampuni yenyewe naifutia hata ile nyota niliyoanza nayo.