Uzoefu wangu: Kuutembelea mti wa General Sherman, California

Mwezi Septemba nilimpeleka mama mkubwa, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, katika Hifadhi ya Taifa ya Sequoia. Lalamiko langu ni moja: kampuni iliyotusafirisha ilitupa dakika arobaini tu, ilhali njia ya kutoka maegesho, yenye urefu wa karibu mita 800, hushuka kwa ngazi, na kuipanda tena, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kunamkata pumzi hata kijana. Wenye kibali cha ulemavu wana maegesho yao karibu zaidi na mti, yenye njia isiyo na ngazi.

Njiani pamechorwa chini alama inayoonyesha ukubwa wa shina. Mama mkubwa aliizunguka polepole akihesabu, akafika hatua hamsini na moja kabla hata hatujaufikia mti wenyewe. Nilipomgeuzia futi za kwenye kibao kuwa mita, akaukumbuka mara moja mkukusu, ule mti wa Kilimanjaro uliopimwa urefu wa mita 81.5, kwani General Sherman una mita 83.8 tu. Sifa yake haiko kwenye urefu. Ni mti mkubwa kuliko yote inayojulikana duniani kwa ujazo wa shina, takriban mita za ujazo 1,487, na umekadiriwa kuishi zaidi ya miaka 2,000. Picha hazionyeshi hayo hata kidogo. Mimi niliamini pale tu nilipowaona watu waliosimama mbele ya uzio, wote wakiwa wafupi kuliko kovu jeusi la moto lililo kwenye shina.

Uzio huo unalinda mizizi, ambayo haiendi chini sana, kwa hiyo gome tulilishika kwenye mti mwingine wa aina hiyohiyo kando ya njia. "Mwanangu, haya ni makumbi ya nazi," alisema mama mkubwa, na kweli lilikuwa la nyuzinyuzi, jekundu, likibonyea kidogo chini ya kidole. Gome hilo nene ndilo kinga yake dhidi ya moto, ingawa mwaka 2021 moto ulikuwa mkali kiasi kwamba wazima moto walilifunga shina la General Sherman kwa karatasi za alumini.

Nitarudi naye kwa gari letu, tufike kabla ya saa tatu asubuhi, tukae kwenye mti huo tunavyotaka.