Skoa ya bure ya uvertura ya Figaro: tamu kwa kondakta, kibarua kwa okestra

Neue Mozart-Ausgabe, toleo la kitaalamu la kazi zote za Mozart, linasomeka bure mtandaoni tangu 2006 kupitia wakfu wa Mozarteum wa Salzburg, kwa matumizi binafsi na ya darasani. Tumeipima kwa uvertura (muziki wa ufunguzi) ya Le nozze di Figaro, opera ya vichekesho ya Kiitaliano iliyofunguliwa Vienna tarehe 1 Mei 1786.

Skoa hii (kitabu cha nota za okestra nzima), iliyohaririwa na Ludwig Finscher, ni safi. Ubora wake mkubwa ni uaminifu: alama zilizoongezwa na mhariri zimechapwa kwa sura tofauti, kwa hiyo unajua lipi ni la Mozart na lipi ni pendekezo tu. Usiichape kwa ukurasa wa A4 ukitarajia kuisoma kwenye stendi. Kurasa za asili ni kubwa kuliko hapo, na nota zitakuwa mchwa. Chapa kwa A3.

Shida ni kwamba unapata skoa peke yake. Nota za kila chombo utazitoa mwenyewe, na hapo ndipo watu huharibu. Klarineti zimeandikwa kwa A, yaani kwa klarineti ya A. Mwenye klarineti ya B-flati pekee ashushiwe nota nusu toni, naye atajikuta kwenye E meja yenye shapu nne. Tarumbeta ni za D: kwa tarumbeta ya B-flati, pandisha tadi kuu (nusu toni nne). Honi nazo ni za D. Kwa honi ya F, shusha tadi ndogo (nusu toni tatu). Ukigeuza upande, mazoezi ya kwanza yatakuwa soko la samaki. Fidla ya kwanza ipangiwe kurasa mapema, maana haina mapumziko ya kutosha kugeuza karatasi.

Uvertura ina vipimo 294, na kwa kawaida hupigwa kwa takriban dakika 4. Kila kipimo kina minimu (nota nusu) mbili, hivyo hiyo ni karibu minimu 147 kwa dakika. Anzeni na 100, ambayo ni kama dakika 6, kisha pandeni taratibu. Mahali pagumu si penye kelele bali vipimo 7 vya mwanzo: nyuzi na fagoti kwa pamoja, pianisimo (kwa sauti ya chini sana), mbio. Nyuzi zikitumia upinde mrefu, sauti inavimba na fagoti zinabaki nyuma. Upinde mfupi, katikati ya fimbo, na kondakta atoe pigo moja la maandalizi lililo kwenye mwendo uleule.

Faida nyingine: uvertura hii inamalizika yenyewe kwa D meja. Ya Don Giovanni, opera nyingine ya Mozart, inamwagikia moja kwa moja kwenye onyesho la kwanza, hivyo kwa tamasha lazima mtafute mwisho wa kushonea.