Supu yao nitaifuata tena, ile sushi hapana kwanza

Nimetoka pale nimeshiba kabisa na bado nina hasira kidogo, na hasira yenyewe ni ya wali. Ndio, wali. Mtu unaenda kula sushi unarudi unalalamikia wali, ila nisikilize kwanza.

Mgahawa ni ile aina inayopika Asia nzima kwa mkupuo. Unafungua menyu unakutana na sushi za Wajapani, unafunua unakuta pho, ile supu ya tambi ya Vietnam, unafunua tena kuna pad thai, laksa, wali wa kukaanga wa Kichina, kuku wa Kikorea, mpaka nikawa najiuliza huko nyuma kuna wapishi wangapi au ni jamaa mmoja anabadilisha kofia. Mi menyu ndefu huwa inaniogopesha. Haimaanishi hawawezi, ila kila chakula hapo kina kusubiri kwake, mchuzi unataka masaa mengi jikoni, wali wa sushi unataka upikwe na kuliwa siku hiyo hiyo, na jiko ni moja na friji ni zile zile. Sa ukikaa sehemu kama hiyo swali la kumuuliza mhudumu sio kipi kitamu, maana atakwambia vyote, swali ni leo mmepika nini na nini kimetoka kwenye friji. Nililijua hilo swali na sikuliuliza, kosa langu.

Nilikuwa na wifi yangu, ana mimba ya miezi mitano, njia nzima ananiambia "wifi mi sili samaki mbichi, daktari kakataza, nitakaa tu nikuangalie unavyokula". Nikamwambia wifi sushi sio lazima samaki mbichi bwana, sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, juu yake au ndani yake wanaweka wanachotaka, hata tango tupu. Vile vipande vya samaki mbichi vinavyoletwa peke yake bila wali hiyo ni sashimi, kitu kingine. Hakuniamini. Akamuuliza kijana aliyekuwa anatuhudumia, na hapa huyu kijana lazima nimpe maua yake, maana hakubahatisha jibu, alisema "dada nipe dakika moja nikaulize jikoni" akaenda kweli, akarudi na majibu yamekaa vizuri. Roli, zile sushi za kuviringishwa, za tango na parachichi ziko salama, kamba wao wamechemshwa, na kuna mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anachomwa na kupakwa sosi tamu tamu, haliwi mbichi. Na watabadilisha ubao na kisu ili roli zake zisikatwe palipokatwa samaki mbichi. Wifi akacheka, "miezi mitano tu nishaanza kuletewa mkunga?" Kijana ikamchukua sekunde mbili kuielewa afu akacheka kuliko sisi.

Mi swali langu lilikuwa la nguruwe maana sili. Na hapa wengi huwa wanakosea, wanaangalia nyama iliyo juu ya bakuli. Wee, angalia mchuzi! Rameni, ile supu ya tambi ya Wajapani, inaweza kuwekewa kuku juu na huo mchuzi wote ukawa ni mifupa ya nguruwe, ile wanayoiita tonkotsu ndo hiyo hiyo, mifupa inachemshwa kwa moto mkali masaa kumi na zaidi. Ukiona jina hilo na huli nguruwe, pita mbali. Kijana akaniambia ipo nyingine ya kuku mtupu, mifupa na miguu ya kuku, sufuria yake iko peke yake. Nikachukua hiyo. Wifi akachukua pho ya ng'ombe, akaomba nyama iive kabisa, kwa sababu pho nyingi zinaletwa na vipande vyembamba vya nyama mbichi vinavyoivia humo humo kwenye mchuzi wa moto, na kwa mjamzito sio vizuri. Hata zile choroko zilizoota ambazo huwa zinaletwa mbichi pembeni, kijana mwenyewe ndo kazirudisha jikoni zikachemshwe kwanza. Hatukumwomba!

Sa tuje kwenye supu.

Bakuli langu lilikuja mchuzi mweupe km maziwa na hakuna tone la maziwa mule. Ile weupe inatokana na kuchemsha kwa fujo, mafuta na ule ute wa mifupa na ngozi vinapigwa na moto mpaka vinashikana na maji, ukichemsha polepole unapata mchuzi wa maji maji unaona mpaka chini. Nilivyopiga kijiko cha kwanza midomo ikaanza kunata, juu na chini, ile ya kunata km umepaka gundi kidogo, nikajua hapa hakuna unga wala ujanja wa pakiti, hawa wameamka mapema. Chini ya bakuli kuna sosi yao ya chumvi wanaitanguliza kabla ya kumwaga mchuzi, kwa hiyo usianze kulalamika haina chumvi kabla hujakoroga, mi nilishaanyanyua mkono kuomba chumvi nikaurudisha kimya kimya najikuna kichwa.

Na tambi zake jamani. Manjano, zinavutika, ukizing'ata zinakurudishia kidogo. Watu wanadhani ile manjano ni yai, mara nyingi sio, ni kwamba unga wa ngano umekandwa na maji yenye chumvichumvi fulani za kialkali, Wajapani wanaziita kansui, ukitaka kuielewa haraka fikiria ndugu yake magadi. Hiyo ndo inazipa rangi na ule ukakamavu. Ila ukakamavu wenyewe una muda wake, tambi nyembamba zikikaa kwenye mchuzi wa moto zinaendelea kunywa na kuvimba, na mi kwa ujinga nilipoteza dakika kibao napiga picha, mara kutoka juu, mara pembeni, mara wifi ashike vijiti nimpige mkono tu, mpaka narudi kula robo ya chini zilishalegea. Zikifika kula. Na zivute kwa sauti usione aibu, ile kelele inaingiza hewa, inapoza kidogo na harufu inapanda puani, pale ndani kila mtu alikuwa anavuta, meza ya nyuma yetu kulikuwa na mzee mmoja anavuta km bomba la maji limepasuka.

Yai! Nusu mbili, nje limekuwa la kahawia kwa kulazwa kwenye sosi ya soya, kiini hakijaganda wala hakimwagiki, kiko katikati km jemu. Nikaanza na kipande kimoja, cha pili nikakificha chini ya tambi nisije nikakimaliza mapema. Wifi alikiona akakitamani, nikamkumbusha daktari wake.

Pho yake nilionja vijiko vitatu, vinne, sawa vilikuwa sita. Ni dunia nyingine kabisa, mchuzi mwepesi unaona mpaka tambi zilizoko chini, tambi zenyewe za mchele, nyeupe na pana kidogo, afu harufu ya mdalasini, karafuu na kale kaviungo kenye umbo la nyota, na kwa nyuma kuna moshi kwa mbali kwa sababu vitunguu na tangawizi vinaunguzwa kwanza kwenye moto ndo vinatumbukizwa. Pembeni kinakuja kisahani cha mrehani, ndimu na pilipili unajitengenezea mwenyewe. Alikamulia ndimu, akachana majani, akanyamaza. Wifi yangu akinyamaza mezani ujue chakula kimefika.

Sushi sasa.

Tatizo la kwanza vyote vililetwa pamoja. Supu inataka iliwe sa hivi hivi, sushi nayo inataka iliwe ikishatengenezwa tu, sa mtu una mdomo mmoja. Nikaamua niheshimu supu. Nilivyoishika sushi ya kwanza, ya samoni, kwa macho ilikuwa nzuri, samaki anang'aa, ile mistari meupe ya mafuta inaonekana moja moja. Nikaigeuza nichovye upande wa samaki (ukichovya wali unakunywa sosi yote na kusambaratika), nikatia mdomoni. Samaki laini, anayeyuka, afu meno yakafika kwenye wali yakakuta changarawe. Punje moja moja, ngumu, zinanukia siki ila hazishikani, nusu ya wali ilirudi kwenye sahani. Nikajaribu ya jodari, hivo hivo. Na ujue hapo zilishakaa mezani karibu dakika ishirini nilipokuwa nahangaika na supu, kwa hiyo ubaridi ulishatoka, ila ugumu ulibaki pale pale.

Huo ni wali uliolala kwenye friji, hamna maelezo mengine. Wanga wa wali ukipoa sana unajikaza upya, na ukishajikaza kwa baridi ya friji kuuacha mezani hakuusaidii, mpaka uupashe moto, na wali wa sushi nani anaupasha. Unatakiwa uwe na joto la mwili, ukiuweka kwenye kiganja usiusikie baridi wala moto. Na kinachochekesha ni kwamba samaki ndo anayetakiwa kuganda! Samaki wengi wa kuliwa wabichi wanagandishwa kwanza kuua minyoo, mwongozo wa Marekani unasema nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na akiyeyushwa vizuri hujui tofauti (bakteria hawafi kwa kugandishwa, kwa hiyo usafi uko pale pale). Yaani pale samaki wamempatia kabisa, wali ndo umewashinda. Sushi yenyewe asili yake ilikuwa ni njia ya kuhifadhi samaki, wanafukiwa kwenye wali na chumvi miezi na miezi, afu samaki analiwa wali unatupwa. Huu wangu ungefaa utaratibu huo wa zamani.

Roli za wifi zilikuwa na wali ule ule, ila parachichi na ile sosi ya mkunga vilisaidia kuficha, yeye hakulalamika, alisema "mbona ziko sawa tu" na akamaliza zote nane. Mkunga wenyewe alikuwa mtamu mno, umechomwa pembeni mpaka umeshika kaukavu. Kulikuwa na roli nyingine menyu imeandika kaa, sio kaa, ni zile fimbo nyeupe zenye rangi nyekundu juu, samaki wa kusagwa. Mi sina shida nazo, nazipenda hata, ila andikeni ukweli. Wasabi nayo, ule mkorogo wa kijani unaowasha, ndo ile ya kawaida ya migahawa mingi, sio mzizi wa wasabi wenyewe, ni mzizi mwingine mkali umechanganywa na haradali na rangi ya kijani, inapanda puani inashuka, basi. Tangawizi ya siki ilikuwa nzuri, nilikula yote, ingawa kazi yake ni kusafisha mdomo kati ya samaki mmoja na mwingine, sio kachumbari.

Mengine haraka haraka: viti havina mgongo, ukiwa na mjamzito omba meza za ukutani, sisi tulihamishwa bila kununa. Muziki uko juu. Vijiti ni vile vya mbao vya kutenganisha, vyangu vilipasuka vibaya kimoja kikawa na mkia, nikaomba uma na hakuna aliyenitazama vibaya. Choo kisafi. Na unaweza kuongezewa tambi peke yake ukibakiwa na mchuzi, hii watu wengi hawaijui na haiko kwenye menyu, uliza tu, ila uliza kabla hujamaliza mchuzi ee, mi niliuliza bakuli likiwa tupu.

Wakati wa kulipa nikamwambia yule kijana ukweli, nikamwambia kaka supu yenu sina la kusema ila wali wa sushi sio. Nilidhani ataniletea zile za "samahani dada tutalifanyia kazi". Akaangalia nyuma kuelekea kaunta, akainama kidogo, "dada, wali tunapika asubuhi mara moja tu. We ukitaka sushi njoo saa sita, saa sita na nusu hivi, unakuwa bado haujaingia frijini. Usiku kula supu."

Tulikuwa tumefika saa mbili usiku. Wifi keshaniambia Alhamisi mchana yuko huru.